Mizani ya Haki Nyumbani

SABATO ALASIRI

Mafungu ya Juma Hili: 1 Wafalme 18:41–19:13; 1 Wakorintho 9:19-27; Yohana 21:1-14; Luka 10:38-42; Kumbukumbu la Torati 5:12-15; Methali 11:1.

Fungu la Kukariri: Wafilipi 2:4. Likariri kutoka katika Biblia yako, na ulirudie kila asubuhi juma hili.

Mombo ni mji mdogo chini ya milima ya Usambara, mahali ambapo barabara ya Lushoto huiacha barabara kuu na kuanza kupanda kuelekea Soni. Mabasi husimama hapo, abiria wakashuka kula. Hebu tumfikirie ndugu mmoja wa huko, anayefanana na wengi wetu. Ana miaka arobaini na saba. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na tena ni mwalimu wa darasa katika Shule ya Sabato. Miaka miwili iliyopita alipimwa presha, akaonywa. Tangu siku ile aliamua mambo matatu: kukimbia kila alfajiri, kuacha chipsi za stendi na kula chakula cha nyumbani, na kusoma kila siku, Biblia na lesoni kwanza, kisha kitabu kingine. Amedumu. Uzito umepungua, presha imeshuka, na kando ya kila ukurasa wa lesoni yake pamejaa maandishi ya kalamu. Aliposimama kushuhudia kanisani, alisema amejifunza kuishi kwa kiasi, nalo kanisa likaitikia, "Amina."

Sabato iliyofuata aliuliza swali darasani, akamwelekea mkewe. Mama akajibu kwa sauti ya chini kwamba juma lile hakupata nafasi ya kusoma. Ndugu yetu akatania, "Hata nyumbani kwa mwalimu?" Watu wakacheka. Jioni, walipokuwa wawili tu, mama alimwambia: "Baba, wewe unakimbia, unakula, unasoma. Moto wa hayo yote matatu nauwasha mimi."

Juma hili tutajifunza maana ya kiasi katika umri wa katikati, wakati watoto wako sekondari, wazazi wanazeeka, na mwili umeanza kudai haki yake. Swali letu ni hili: je, mtu anaweza kuitwa mwenye kiasi ikiwa uzito wa upande wa pili wa mizani umebebwa na mwingine?

JUMAPILI
Mbio, Mkate na Sauti

Soma 1 Wafalme 18:41-46 na 19:1-13. Mungu alimtendea Eliya mambo gani, na kwa utaratibu upi?

Katika sura hizi mbili tunakuta mambo yote matatu ya ndugu yetu. Mwishoni mwa sura ya 18 mkono wa Bwana unamjia Eliya, naye anakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Sura inayofuata anaonekana amelala chini ya mti jangwani, amechoka, anaomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimtuma malaika amwamshe ale mkate uliookwa juu ya makaa na kunywa maji. Akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Ni baada ya chakula, usingizi na safari ya siku arobaini ndipo Eliya alipofika Horebu na kusikia ile sauti ya upole.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kukimbia, kupika na kusoma ni mambo ya dunia yanayopunguza muda wa Mungu. Aliyeumba akili ndiye aliyeumba miguu na tumbo. Nabii aliyechoka na kuona njaa hakuweza kusikia vizuri, na Mungu hakumlaumu kwa hilo. Luka 2:52 inaonyesha kwamba hata Yesu alikua pande zote: akili, mwili, uhusiano wake na Mungu, na uhusiano wake na watu.

Lakini angalia jambo moja tunaloliruka upesi. Eliya alikula mkate ambao hakuuoka. Kuna aliyewasha makaa yale wakati yeye amelala. Biblia haikumficha mhudumu huyo, ilimtaja. Je, sisi tulao kila siku tumemtaja wetu?

Ni lini mara ya mwisho uliposhindwa kuomba au kusoma kwa sababu mwili ulikuwa umechoka? Ni nani aliyekuhudumia wakati huo?

JUMATATU
Mwili Unaokimbia

Soma 1 Wakorintho 9:24-27. Paulo anautiisha mwili wake kwa kusudi gani?

Wakorintho walielewa mfano huu mara moja, kwa kuwa michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili. Sisi nasi tuna mifano yetu. Mwaka 1968, huko Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti, na bado akaendelea mpaka mwisho, akiwa wa mwisho kabisa kati ya waliomaliza. Medali ilikuwa imekwenda kwa mwingine zamani. Alimaliza kwa ajili ya nchi iliyomtuma, na ndiyo maana tunamkumbuka.

Mtu wa miaka arobaini au hamsini hakimbii kutafuta medali. Katika umri huu misuli huanza kupungua, na presha huweza kupanda kimya kimya bila maumivu yoyote. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 mpaka 300 kwa juma, au mazoezi mazito kwa dakika 75 mpaka 150. Kwa lugha ya nyumbani, kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma, kunatosha kuanza. Si lazima kupanda kona za Lushoto. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19, 20), na kuutunza ni uwakili.

Hata hivyo, rudi nyuma kidogo katika sura ya 9 usome aya ya 19. Kabla Paulo hajasema habari za mbio, amesema kwamba amejifanya mtumwa wa watu wote. Mbio zake zinatoka katika utumishi huo. Mwili unaotiishwa unatiishwa ili uweze kutumika. Basi mtu akikimbia, akarudi nyumbani akiwa na afya, kisha akakaa kitini akingoja maji ya kuoga, uji na shati lililopigwa pasi, miguu yake imekwenda mbele lakini yeye amerudi nyuma.

Afya uliyoipata kwa mazoezi inamsaidia nani zaidi yako?

JUMANNE
Moto wa Makaa

Soma Yohana 21:1-14. Wanafunzi waliposhuka pwani walikuta nini, na ni nani aliyekiandaa?

Baada ya kufufuka, Yesu aliwatokea wanafunzi wake kwa muda wa siku arobaini (Matendo 1:3). Alikuwa na kanisa la kuliandaa na ulimwengu mzima wa kuukabidhi. Katika muda huo mfupi, alfajiri moja aliitumia kuwasha makaa, akaoka samaki na kuandaa mkate kwa ajili ya watu saba waliokuwa wamechoka kwa kazi ya usiku kucha. Mazungumzo yake mazito na Petro yalikuja baadaye, wakiisha kula.

Ikiwa Mfufuka aliinama jikoni, hakuna mwanamume wa kanisa lake anayeshushwa heshima kwa kuinama hapo. Ellen White, katika kitabu chake kuhusu elimu kilichotoka mwaka 1903, alishauri kwamba wavulana kama wasichana wafundishwe kazi za nyumbani: kutandika kitanda, kuosha vyombo, kuandaa mlo. Shauri hili lina zaidi ya miaka mia moja kati yetu, na bado katika nyumba nyingi linasomwa na kuachwa.

Chakula cha nyumbani ni baraka kubwa, na wakazi wa Mombo wanayo nafasi ambayo wengi wanaitamani. Kabichi, karoti na viazi vinashuka kutoka Lushoto, na mpunga unalimwa kwa umwagiliaji palepale bondeni. Lakini chakula hiki hakijipiki. Chukua makande, ambayo Wapare na Wasambaa wanayapenda sana. Mahindi na maharage huchambuliwa na kulowekwa tangu usiku. Asubuhi kuna makaa ya kuwasha. Kisha sufuria hukaa motoni kwa saa nyingi, na mtu awepo wa kuongeza maji na kupunguza moto. Mlaji anamaliza kwa dakika kumi na tano. Sahani inaonyesha chakula. Saa zilizotumika haizionyeshi.

Ndugu yetu aliposema kanisani kwamba ameacha chipsi na sasa anakula chakula cha nyumbani, alisema kweli. Ila hakusema kwamba zile saa zilitoka katika siku ya mkewe, ambaye naye anauza mboga sokoni mpaka jioni.

Orodhesha kazi zote zilizofanyika kabla mlo wako wa leo haujafika mezani. Umefanya zipi kati ya hizo?

JUMATANO
Nani Anasoma?

Soma Luka 10:38-42. Yesu anamkataza Martha nini, na anamlindia Mariamu nini?

Tumezoea kulifundisha fungu hili kwa kuwaonya akina dada wasiwe Martha. Ndugu yetu wa Mombo naye amelifundisha hivyo mara kadhaa, mara nyingine akiwa ametoka kushiba. Tulisome tena polepole. Yesu hakusema chakula hakihitajiki. Alimwonyesha Martha jinsi mambo mengi yalivyomsumbua moyo, kisha akasema kwamba fungu alilolichagua Mariamu hataondolewa. Kukaa miguuni pa mwalimu ilikuwa nafasi ya mwanafunzi. Ndivyo Paulo anavyoeleza alivyofundishwa na Gamalieli (Matendo 22:3). Kwa hiyo katika nyumba ile Bwana alisimama upande wa mwanamke aliyetaka kujifunza, akakataa asirudishwe jikoni.

Tukimwambia mama asome lesoni, halafu tukamwachia kazi zote, tunanena kama Yesu lakini tunatenda kinyume chake. Yesu alimpa Mariamu nafasi. Sisi tumempa lawama.

Kanisa letu katika nchi hii lilikuja na kitabu mkononi. Mwaka 1903 wamisionari Johannes Ehlers na A. C. Enns walianza kazi huko Giti, katika milima ya Upare, jirani na Usambara. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa bado haijafika Mombo. Ilifika mwaka 1905. Baadaye mmisionari Ernst Kotz alijifunza Kipare na kutafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo, lugha ambayo akina mama waliitumia kulelea watoto na kuongea kando ya moto wa jikoni. Neno la Mungu likaifuata lugha ya jikoni ili kila mtu alisikie, wala si wazee wa boma peke yao. Nyumba ya leo ambamo mmoja tu ndiye mwenye nafasi ya kufungua kitabu imerudisha sehemu ya zawadi ile.

Na isiwe Biblia peke yake. Mtu wa umri wa katikati anahitaji kuendelea kusoma, awe mwanamume au mwanamke: historia, afya, kilimo, habari za nchi yake. Akili isiyolishwa hudhoofika kama msuli usiotumika.

Katika nyumba yako, ni nani ambaye lesoni yake bado ni safi, haina alama ya kalamu? Kwa nini?

ALHAMISI
Lumbesa

Soma Methali 11:1 na Kumbukumbu la Torati 5:12-15. Amri ya Sabato inawataja akina nani, na kwa sababu gani?

Mkulima yeyote wa Usambara anaijua lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia, analijaza viazi mpaka mdomoni, kisha anaongeza kilemba juu yake na kukishona kwa kamba. Mkulima analipwa gunia moja. Ukilitazama kwa mbali ni gunia moja kweli; ukilibeba, mgongo wako utakuambia si moja. Tunalalamikia udhalimu huu, na ni haki yetu kulalamika. Lakini kuna lumbesa ya sokoni na kuna lumbesa ya nyumbani. Kila mtu amepewa saa ishirini na nne. Ukimwona mtu ambaye katika siku yake imeingia kazi, mbio, chakula kizuri, kitabu na usingizi wa kutosha, mpongeze, kisha uangalie kile kilemba cha juu kimetoka katika gunia la nani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi.

Amri ya nne ndiyo mizani ya Mungu katika jambo hili. Bwana hakumwamuru mtu apumzike peke yake. Alitaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Na katika Kumbukumbu la Torati akaongeza sababu, kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike sawasawa na bwana wao. Pumziko linalonunuliwa kwa uchovu wa mwingine halijawa pumziko la Sabato. Na tusimsahau dada wa kazi. Inawezekana baba na mama wote wawili wanakimbia na kusoma kwa sababu binti wa watu anaamka saa kumi alfajiri na kulala wa mwisho. Hapo mzigo haujapungua. Umehamia tu kwa mtu asiye na sauti.

Mtu atauliza, "Je, ni dhambi kugawana kazi? Wengine wanapenda kupika." La, si dhambi. Viungo vya mwili havifanyi kazi moja (1 Wakorintho 12:14-20). Haki haidai kila mtu afanye kila kitu kwa saa zilezile. Inadai mambo mawili. La kwanza, je, mgawanyo huu tuliukubali pamoja, au ulitokea tu? La pili, je, mwenye kubeba anaweza kuomba abadilishwe, naye akasikilizwa?

Ndugu yetu alikaa siku tatu na maneno ya mkewe. Kisha akapunguza mbio kutoka siku sita hadi tatu. Asubuhi tatu zilizobaki moto anauwasha yeye, na mama anatembea na jirani zake mpaka stesheni na kurudi, amevaa raba na kujifunga kanga. Makande ya kwanza ya baba yaliungua, watoto wakala kimya. Majirani wakanong'ona kwamba amelishwa limbwata. Muda wake mwenyewe umekuwa si tele kama zamani, na siku nyingine anaona uchungu anapolitazama lile barabara la mlimani. Ijumaa, siku ya Maandalio, mmoja anachambua maharage na mwingine anasoma lesoni kwa sauti, kisha wanabadilishana. Hashuhudii tena kwamba ameshinda. Anasema wanajifunza.

Ni kitu gani kizuri, kilicho halali kabisa, ambacho upo tayari kukipunguza ili mwenzako apate?

IJUMAA
Kujifunza Zaidi

Soma tena Wafilipi 2:1-8, ukitazama jinsi aya ya 4 inavyoongoza kwenye habari za Kristo aliyejinyenyekeza. Yeye alikuwa na haki ya kuhudumiwa, akachagua kuhudumu. Kiasi ni tunda la Roho (Wagalatia 5:22, 23), na katika orodha ile tunda la kwanza ni upendo. Kiasi kisichoanza na upendo kinaweza kuwa uchoyo uliovaa nguo safi: mtu anapima chakula chake, dakika zake za mbio na kurasa zake, ila hajawahi kupima uchovu wa anayeishi naye. Mizani ya haki ina sahani mbili. Kabla ya kujisifu kwamba yako imesimama sawa, angalia ni nani aliyeketi upande wa pili.

Maswali ya Kujadili

1. Katika darasa lenu, waulize kwanza akina mama, na wale wanaofanya kazi katika nyumba za watu: ni saa ngapi katika siku ambayo ni yako kweli? Wengine wasikilize bila kujitetea.

2. Wapo kati yetu wajane na wanaoishi peke yao, ambao kukimbia, kupika na kusoma vyote ni vyao bila msaidizi. Kanisa linaweza kuwachukulia mzigo gani kwa vitendo?

3. Je, kuna wakati ambapo ni haki mtu mmoja abebe zaidi kwa muda, kwa mfano mwenzake akiwa mgonjwa au masomoni? Tutajuaje kwamba muda huo umepita?

4. Maandalio ya Sabato katika nyumba nyingi humwangukia mtu mmoja, naye huingia katika saa takatifu akiwa amechoka kuliko siku nyingine zote. Kabla ya Ijumaa ijayo, kaeni kama familia mgawane kazi hizo upya. Sabato itakayofuata, elezeni darasani mlichojifunza, pamoja na kilichoungua.